Ukungu wa Kangema na Uso wa Shosho

Aliyelelewa chini ya jua la Mombasa hudhani kwamba anaujua mwanga. Nami nilikuwa na dhana hiyo hadi nilipofika Kangema mwezi wa Julai, nimebeba kamera mpya ya dijitali na ombi moja la mke wangu: nimpigie picha nyanya yake. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Na huyo kikongwe, ambaye wajukuu wote humwita Shosho, hakuwa na picha yoyote duniani ila ile ya kitambulisho.

Nilipanda treni hadi Nairobi, kisha matatu kupitia Thika hadi mji wa Murang'a, na kutoka hapo nyingine iliyopanda kuelekea magharibi. Huko hakuna tambarare. Ni mgongo wa kilima, bonde, mto, kisha mgongo mwingine, mpaka milima ya Nyandarua. Kahawa hukaa chini, chai hukaa juu. Nilipofunga mkanda nilimkumbuka marehemu John Michuki, aliyekuwa mbunge wa Kangema, ambaye akiwa waziri wa uchukuzi aliyatia adabu matatu ya nchi nzima mwaka 2004. Kondakta wetu alisimamia mikanda kwa ukali wa mtu anayelinda urithi wa kwao.

Shosho alinipokea mlangoni, ameketi juu ya kigoda, kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yangu bonde zima limemezwa na ukungu. Nilisimama ndani ya nyumba nikampiga akiwa kati yangu na ukungu ule. Usiku, kwenye mwanga wa taa hafifu, picha zilionekana safi kwenye kioo cha kamera. Asubuhi nikazitazama tena nje: uso ulikuwa mweusi tititi, haupambanuki jicho wala tabasamu. Kioo king'aacho gizani humdanganya mwenye kukitazama. Nami nilipaswa kuondoka baada ya adhuhuri.

Kamera haijui ukungu ni nini wala uso ni nini. Kipima mwanga chake hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga mpaka weupe ule uwe kijivu, na uso ulio mbele yake huzama. Basi nikaongeza mwanga hatua mbili, yaani mara nne, kwa mazoea yangu ya miaka mingi ya filamu. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi. Fundi wa kusafisha picha aliweza kuurejesha weupe. Dijitali haina msamaha huo. Uso ulitoka vizuri, lakini kitambaa cha Shosho kikageuka tundu jeupe lisilo na uzi wala mkunjo.

Nikakumbuka zile picha za studio ya Parekh, Mombasa, ambazo wazee wetu walipigwa wamevaa nguo zao bora. Pale taa zilipangwa kwanza, mteja akawekwa mahali pake, kisha ndipo kamera ikafanya kazi. Mimi nilikuwa nahangaika na namba ilhali kasoro ilikuwa kiti.

"Shosho, nakuomba usogee hapa ukutani."

Akajibu kwa Kikuyu, shemeji akanitafsiria: "Mwanangu, kigoda changu kimekosa nini?"

Tulimweka chini ya upenu, mgongo kwa ukuta wa mbao uliopigwa na moshi, uso kwa uwanja wa wazi. Ukungu uliokuwa adui sasa ulimwangaza taratibu kama pazia jembamba. Sasa giza la ukuta ndilo lililoitawala picha, kwa hiyo kamera ingetaka kuongeza mwanga. Ilinibidi nipunguze, theluthi mbili za hatua. Mkono ulisita, kwa kuwa ulizoea kinyume chake. Nikatazama mchoro wa mwanga kwenye kioo: kilima chake kilikoma kabla ya kugusa ukingo wa kulia. Nikapiga picha tisa, kisha nikanywa chai niliyokuwa nimeiacha ipoe.

Nyumbani mke wangu aliitazama picha kimya kwa muda mrefu. Hakusema neno juu ya uso. Aliweka kidole kwenye pindo la kile kitambaa, palipoonekana mishono midogo ya uzi mweupe juu ya nguo nyeupe.

"Hii niliishona mimi," akasema, "kabla hatujaoana."