Mzabibu Wataka Kisu



Hapa kwetu Fizi na Baraka kila mtu ajua kulima muhogo, kupanda migomba na kukamua mawese. Mzabibu, lakini, twausikia kanisani zaidi ya kuuona shambani. Mtu akibahatika kupata kipande cha mche, hukipanda karibu na ukuta, hukitilia maji, kisha hufurahi kuona mti ukitambaa juu ya paa kama mboga. Majani huwa tele, na watoto hucheza kivulini. Mwaka wa tatu huenda kutafuta zabibu, naye haoni kitu ila vishada viwili vitatu vilivyoshikwa na ukungu. Basi husema: "Nchi yetu haifai." Nami nasema, mara nyingi nchi haina kosa, kilichokosekana ni kisu.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wametutangulia katika kazi hii. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walikuza mizabibu huko Bihawana, karibu na Dodoma, na leo Dodoma ndiyo inayojulikana kwa zabibu katika Tanzania nzima. Kipo na kituo cha utafiti huko Makutupora, na aina moja ya zabibu nyekundu yaitwa kwa jina la mahali hapo. Mimi nilikulia kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, pamoja na watoto wengi wa Fizi tuliokimbizwa na vita vya mwaka 1996. Baadaye nilipata kupita Dodoma na kuyaona mashamba hayo. Sikuona majani yaliyotanda ovyo. Niliona nguzo zilizosimama kwa mistari, waya zilizokazwa, na kila mti una shina moja na mikono miwili iliyonyoshwa juu ya waya, huku na huku.

Yafaa kwanza tujue tabia ya mti huu. Katika Ulaya baridi huja, majani huanguka, na mzabibu hulala usingizi mpaka joto lirudi. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa, hukua tu mwaka mzima, wala haujui wakati wa kuzaa. Hapo mkulima hushika kazi ya majira: siku apogoapo ndiyo siku ya kuuamsha mti. Tangu siku hiyo, mpaka zabibu ziive, hupita kama miezi minne hivi. Kwa sababu hiyo watu wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Sasa tuitazame nchi yetu. Dodoma ni nchi kavu. Kwetu mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hata Mei. Zabibu zikiiva katika mvua hupasuka na kuoza. Basi, mtu akipogoa katikati ya Aprili, mti huchipua kwa mvua za mwisho, hutoa maua mvua ikiwa imekatika, na zabibu huiva mwezi wa Agosti, wakati wa jua kavu.

Namna ya kupogoa ni hii. Katika kila mkono wa mti, acha vijiti vifupi, kila kimoja kiwe na macho mawili tu, vilivyobaki vikate. Machipukizi yakitoka, yapunguze hata kati ya moja na jingine ibaki nafasi ya vidole vinne. Yaliyobaki yafunge yasimame wima juu ya waya, yasilaliane. Chipukizi likipata majani kama kumi na tano, kata ncha yake. Vishada vikiisha kufunga, ng'oa majani machache yaliyovifunika upande wa mashariki, wapate jua la asubuhi litokalo upande wa Ubwari. Upande wa magharibi, unaoelekea milima ya Mitumba, yaache majani, maana jua la alasiri kwetu ni kali, laweza kuunguza tunda.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu ya nuru na upepo. Jani la juu hunywa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za nuru iliyo njema kwake. La pili chini yake hupata makombo, na la tatu hukaa karibu gizani. Lipo, lakini halileti faida. Zabibu iliyokua katika giza hilo huwa na rangi hafifu na ukali mwingi, nayo divai yake haina ladha njema. Tena jicho la mti lililokua kivulini huzaa vishada vichache msimu unaofuata. Na pale upepo wa ziwa usipopita, umande haukauki, ukungu hupata makao.

Nilipokuwa nikikata mizabibu michache tuliyo nayo hapa nyumbani, mama mmoja jirani alisimama akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mbona wakata kilicho kibichi? Sisi hapa tumekwisha kukatwa vya kutosha." Sikucheka, maana neno lake lilikuwa zito. Nilimjibu: "Mama, adui hukata shina, akaenda zake. Mkulima hukata tawi, akabaki." Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba vipande viwili vya kupanda kwake.

Katika seminari tulifundishwa kwamba katika Injili ya Yohane, sura ya 15, neno la Kigiriki la kupogoa ni lile lile la kusafisha. Nililishika neno hilo kichwani. Mikono ndiyo iliyonifahamisha maana yake. Anayepogoa lazima akae karibu na mti, aurudie kila juma, tena angoje miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana. Muhogo huweza kumngoja mwenyewe aliyekimbia. Mzabibu usio na mtu hurudi kuwa pori.

Hilo ndilo jambo gumu kwetu. Twajua kukimbia: mwaka 1964, tena 1996, tena 1998. Wale wanne waliouawa hapa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, yaani Padre Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin, Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, waliotangazwa Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024, twawakumbuka kwa sababu walibaki na watu wao. Simlaumu mtu aliyekimbia na watoto wake; hata mimi nilibebwa. Lakini nchi yataka pia watu wa kukaa.

Wala sisemi kwamba kesho tutajaza mapipa, au kwamba divai ya nyumbani ipelekwe altareni ovyo. Sheria ya Kanisa yataka divai safi ya zabibu, isiyoharibika, na kuitengeneza ni elimu nyingine. Anza na miche miwili, nguzo nne na waya. Noa kisu, kisafishe kabla ya kuhamia mti wa pili usije ukaeneza ugonjwa. Mwezi wa Aprili ukifika, kata bila woga.