Kilatini cha Montaigne, Kisambaa cha Bulwa

Michel de Montaigne alizaliwa Ufaransa mwaka 1533. Baba yake alimwekea mwalimu Mjerumani, akaamuru nyumba nzima, hadi watumishi, wamsemeshe Kilatini tu. Kifaransa alikuja kukijua baadaye. Lakini insha zake, zilizotoka 1580, aliziandika kwa Kifaransa.

Huku kwetu Bulwa, kwenye mashamba ya chai, kaka yangu naye kapiga marufuku Kisambaa nyumbani: mtoto asikie Kiingereza tu. Mama yetu hakijui, basi akikaa na mjukuu wake ananyamaza.

Shaaban Robert, karani wa forodha, hakufika chuo kikuu, ila Kielezo cha Insha alikiandika kwa Kiswahili kinachosomeka hadi leo. Namwambia kaka: Kiingereza mtoto atakikuta shuleni. Maneno ya bibi yake atayakuta wapi?