Bei ya Mashine kwa Kilo za Shaba

Ukitoka Lubumbashi, Kongo, unafuatana na malori ya madini mpaka Likasi, kisha unasogea kidogo kaskazini-magharibi, na hapo ni Kambove. Wasanga walichimba shaba hapa na kuiyeyusha kuwa misalaba muda mrefu kabla kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa mwaka 1906. Reli ilifika 1913. Nyumba za kampuni zingalipo: za wakubwa zina bustani na miembe, za wafanyakazi zimebanana mstari kwa mstari.

Nilifika na swali lililowachekesha wenyeji: je, kuna mtu mwenye mashine ya zamani ya kufulia, na ilinunuliwa kwa bei gani ilipokuwa mpya? Wako watu wanaokusanya mashine zenyewe. Lee Maxwell, aliyekuwa profesa wa uhandisi wa umeme huko Colorado, Marekani, alijaza maghala mjini Eaton kwa mashine zaidi ya 1,000. Mimi nyumba yangu Dar es Salaam ni ndogo, kwa hiyo nakusanya bei.

Bei ninayoipenda kuliko zote ni ya Bendix ya mwaka 1937, mashine ya kwanza ya nyumbani iliyojaza maji, ikafua, ikasuuza na kukamua bila kushikwa mkono. Iliuzwa dola 249.50. Ukiitamka hivyo leo inasikika rahisi. Lakini mwaka uliofuata sheria ya Marekani iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa senti 25 kwa saa. Mfanyakazi wa kima hicho angetoa saa 998 za jasho lake, zaidi ya miezi mitano, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana bei ya kale isiyo na mshahara pembeni yake hainiambii kitu.

Kambove ilinipa kipimo kingine. Mwaka 1937 shaba ilikuwa takriban senti 13 kwa ratili kwenye soko la Marekani. Piga hesabu: Bendix moja ilikuwa na thamani ya karibu kilo 870 za shaba. Sasa chukua mashine ya leo ya dola 400, na shaba iliyopita dola 9,000 kwa tani mwaka 2024. Hazifiki kilo 45. Kwa hesabu hiyo mji unaochimba shaba ungepaswa kuwa na mashine kila nyumba.

Hazipo. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifua katika beseni mbili, ya sabuni na ya kusuuza, kando yake madumu ya njano yamepangwa.

“Mama, zamani mashine ya kufulia ilikuwako hapa?”

“Ilikuwaka kwa bakubwa ba kazi, baba. Siye, mikono.”

Akaongeza kwamba moja aliyoifahamu iliishia kuwekewa makaa, kwa sababu ina mfuniko. Sijaona matumizi ya busara zaidi kwa chombo kinachodai umeme usiokatika na maji yenye nguvu bombani.

Kusema kweli, hata kwa hao wakubwa, mashine ya kwanza ya kufulia katika Katanga ya ukoloni ilikuwa mtu. Aliitwa boyi, awe na umri wa miaka 15 au 50. Alifua, akapiga pasi ya makaa, akapika, na ujira wake ulilipwa kwa mwezi, vyote pamoja. Hapa ndipo daftari langu la bei linapotenganisha Kambove na pwani. Zanzibar na Dar es Salaam dobi alikuwa na bei kwa kila nguo, kanzu bei yake na shuka bei yake, kwa hiyo ukitaka unaweza kuijua gharama ya usafi wa nyumba. Kambove gharama hiyo ilifichwa ndani ya mshahara wa mtu mmoja. Na kwenye vituo vya jamii vya kampuni wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona na kupiga pasi. Jasho lao halikuandikiwa bei popote.

Kama ningeulizwa mashine gani inaifaa Kambove, nisingechagua mpya. Ningechagua Maytag ya miaka ya 1920, ile iliyoweza kuendeshwa na injini ndogo ya petroli iliyowashwa kwa kukanyaga pedali. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya Marekani yasiyo na umeme. Unaijaza kwa ndoo, unakamua kwa roli mbili za mpira, na fundi yeyote wa pikipiki angeielewa. Ina kelele, na roli zake zilivunja vidole vingi, lakini haimsubiri mtu wa umeme.

Mashine nyingi za Marekani za miaka ile zilikuwa na pipa la shaba tupu. Wakusanyaji huko huzing'arisha, wengine huzipandia maua. Kambove pipa kama hilo lisingemaliza wiki: lingekatwa na kupelekwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mota nazo huchomwa ili waya utoke, kilo moja hivi ya shaba kwa mashine. Simlaumu anayefanya hivyo. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, na chombo cha nyumbani ni akiba ya mwisho.

Hata hivyo watafiti wa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, akiwamo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wameshaonyesha kwamba vyombo vya nyumba za wafanyakazi ni historia sawa na tanuru la kuyeyushia shaba la Lubumbashi la 1911. Basi wewe wa Kambove, Likasi au Lubumbashi mwenye mashine kuukuu stooni: kabla ya kuipeleka kwenye mizani, ipige picha, tafuta risiti yake, uandike nyuma ya picha bei ya kuinunulia na mshahara wa aliyeinunua. Nakala ya picha hiyo ipeleke Jumba la Makumbusho la Lubumbashi.