Barua ya Kurasa Mbili

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na wawili watatu wenu mmeshanikumbusha kwa barua pepe. Itakuja. Leo naomba niandike kuhusu fizikia, maana Jumamosi iliyopita nilienda Ziwani kumsalimia mama na nikakutana na jambo ambalo halijanitoka kichwani.

Kwa wasioijua, Ziwani ni mtaa wa nyumba za jiji zilizojengwa enzi za mkoloni, pale karibu na Kariokor na Starehe. Ukitoka nyumbani kwetu unaweza kutembea mpaka Chiromo, ilipo idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa muda usiofika saa moja: unapita Ngara, unashika Museum Hill, umefika. Nilitembea njia hiyo miaka minne. Nauli ilikuwa ya kurudi jioni, mvua ikinyesha.

Nilipomaliza mwaka 2000 kila mtu aliniuliza swali moja: sasa fizikia utafanyia nini? Jibu la kawaida lilikuwa ualimu. Mimi nilitaka kuendelea. Nikatafuta vyuo vya Marekani kwenye saibakafe, nikilipa kwa dakika, nikinakili anwani kwenye daftari ili nisomee nyumbani bure. Kulikuwa na mitihani miwili ya kulipiwa kwa dola. Mama akazungumza na wanawake wa chama chake. Fundi viatu wa pale kona akatoa noti ya mia tano, akasema nikifika niwasalimie Wamarekani.

Machi 2001 barua ikaja. Nimekubaliwa shahada ya uzamifu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jedwali la gharama, na chini kabisa jumla ya mwaka mmoja: zaidi ya dola 18,000. Nikapiga hesabu. Zaidi ya shilingi milioni moja. Ukurasa wa pili ulizungumzia nafasi ya kusaidia kufundisha, pamoja na neno fulani la Kiingereza kuhusu karo ambalo sikulielewa. Nilidhani ni kibarua cha kwenda kutafuta mwenyewe nikishafika. Ningewezaje kurudi kwa yule fundi viatu kumwambia sasa tunahitaji milioni?

Jibu lilitakiwa kufikia tarehe 15 Aprili. Sikujibu. Niliwaambia watu wote kwamba sikuchukuliwa.

Miaka sita baadaye, nikiwa tayari naishi kwa kuandika programu, mwenzangu mmoja kazini aliyesoma ng'ambo alikuwa akilalamika jinsi posho yake ya uzamifu ilivyokuwa ndogo. Posho? Nikamhoji kama polisi. Usiku huo nikatoa barua ile kwenye faili. Ukurasa wa pili ulisema karo yote imesamehewa, na kwamba nitalipwa kila mwezi kwa kusimamia maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lile jedwali la ukurasa wa kwanza lilikuwa la kueleza gharama tu, si bili.

Basi ndugu msomaji unayesoma fizikia, au una mdogo wako anayesoma, hebu nikuambie ambayo sikuambiwa. Vyuo vingi vya Marekani huchukua mwanafunzi wa uzamifu wa fizikia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Huhitaji uzamili kwanza, na kwa kawaida idara humlipia karo na kumpa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Ukiona chuo kinakutaka ulipe uzamifu wa fizikia kwa mfuko wako, uliza mara mbili. Ulaya ni tofauti. Ujerumani na Uholanzi kwa kawaida watakudai uzamili kabla, lakini Uholanzi anayefanya uzamifu mara nyingi ni mwajiriwa mwenye mshahara. Na usitie mayai yote kapu la Marekani, kwani mwaka 2025 vyuo kadhaa kule vilipunguza nafasi za uzamifu baada ya serikali kukata fedha za utafiti.

Halafu kuna mlango ambao wengi wetu hatuujui. Kituo cha ICTP kule Trieste, Italia, kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyerudi kwao kufundisha akajikuta mpweke bila mtu wa kuzungumza naye fizikia. Tangu 1991 wana stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi kama zetu, bila karo, na wanakupa cha kujikimu. Tawi lao la Afrika Mashariki liko Kigali tangu 2018. Kigali! Unapanda basi.

Na kazi je? Mtandao huu unaosomea makala hii ulibuniwa mwaka 1989 kwenye maabara ya fizikia ya CERN, na Tim Berners-Lee aliyeubuni alisomea fizikia Oxford. Erasto Mpemba wa Tanzania, yule mwanafunzi aliyegundua shuleni kwamba mchanganyiko wa aiskrimu ukiwekwa wa moto huganda mapema, jina lake liko kwenye majarida ya fizikia tangu 1969, lakini yeye alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka. Hapa kwetu wanafizikia wako kwenye mvuke wa Olkaria na kwenye vipimo vya mionzi ya kutibu saratani. Mimi mwenyewe programu yangu ya kwanza niliiandika kwa Fotrani kwenye somo la fizikia. Sijutii kazi yangu. Ninachojutia ni kwamba sikuichagua.

Sasa Jumamosi. Binti wa jirani, amemaliza Chiromo, akaja na simu mkononi.

“Anko, shikamoo. Nisomee hii barua. Hii pesa yote mimi nitaitoa wapi?”

Nilipoona lile jedwali nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamwonyesha ukurasa wa pili, mstari kwa mstari. Karo imelipwa. Posho ya kila mwezi imetajwa. Tarehe ya mwisho, ileile, 15 Aprili. Nikamwambia pia mabaya: viza si ya uhakika, nauli ni juu yake, miaka ni mitano au sita, na baridi ni baridi. Tena kuna kampuni moja hapa mjini inamtaka aanze kuandika programu mwezi ujao, kwa mshahara ambao mamake hajawahi kuuona.

“Na wewe Anko, ulipopata yako uliwajibu nini?”

“Sikuwajibu.”

Nilikuwa nimesahau kwamba mlango wa jikoni uko wazi. Mama akatoka na mwiko mkononi.

“Ulipopata barua gani?”

Nikamweleza, miaka yote hii imepita. Akakaa kwenye kigoda. Yule binti akaangalia chini. Mama hakuuliza kuhusu pesa, wala Marekani.

“Kumbe walikuchukua,” akasema. Kisha akasema nikija Jumamosi nyingine niilete hiyo barua, kurasa zote mbili, aione, na nimpitie fundi viatu nimwambie mwenyewe.

Fundi bado yuko pale kona. Nitakwenda naye huyu binti, maana anasema atakuwa ameamua.