Huko Marekani Mnanunua Wapi?

Kila nikipiga simu Dar lazima mtu mmoja aniulize: eti huko mnafanya shopingi wapi? Anayeuliza huwa ana picha yake kichwani tayari: majengo ya vioo, ngazi za umeme, watu wamebeba mifuko mpaka mikono inauma. Haya, leo nawajibu wote kwa mkupuo. Mimi niko Akron, Ohio, mji wa watu kama laki moja na tisini. Siyo New York, siyo Chicago. Na hapa hayo majengo yalikuwepo kweli, ila mengi yameshafungwa na mengine kubomolewa.

Kwa msioijua, Akron ni mji wa matairi. Goodyear na Firestone zilianzia hapa. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 290,000. Ukitaka suti au gauni la harusi siku hizo unakwenda katikati ya mji, barabara ya Main, ambako maduka mawili makubwa, O'Neil's na Polsky's, yalikuwa yanatazamana kama Simba na Yanga. Ukikosa suruali huku, unavuka barabara.

Halafu wenye magari wakahamia pembezoni na biashara ikawafuata. Summit Mall 1965, Chapel Hill 1967, Rolling Acres 1975. Wamarekani wengi niliozungumza nao husema maduka yaliuawa na intaneti. Sawa, lakini Polsky's ilifungwa 1978. Nani alikuwa ananunua viatu kwa kompyuta mwaka 1978? O'Neil's ikafuata 1989. Yaliyoyapokonya wateja maduka ya mjini ni moli hizi hizi ambazo watu wanazililia leo. Na viwanda vya matairi vilipoanza kufungwa, ile mishahara iliyokuwa ikinunua suti ikaenda zake.

Lakini kulia wanalia, na siwacheki. Pale Chapel Hill kila Krismasi kuanzia 1968 palikuwa na Archie, mtu wa theluji wa bandia, urefu futi 20, macho mekundu yanawaka, anaongea na watoto. Muulize mtu wa Akron mwenye miaka arobaini na kitu habari za Archie, halafu tafuta kiti. Moli hiyo ilifungwa 2021.

Rolling Acres ndiyo iliyokufa vibaya. Korido zake zilifungwa 2008, duka la mwisho likaondoka 2013, na 2016 mji ukaanza kubomoa. Wapiga picha walikwisha kupita na kuonyesha dunia theluji ikianguka ndani kupitia paa lililopasuka. Mwaka 2020 kwenye kiwanja kile kile likafunguliwa ghala kubwa la Amazon.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi humo zamu ya usiku. Ni Mkongo, kakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Kiswahili chake ndicho kinachonifariji baridi ikizidi. Siku moja akaniambia, "Niko natumika kwenye duka, lakini sijaona mteja hata siku moja." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa hajui kwamba pale palikuwa na moli mpaka jirani yake, bibi mmoja Mmarekani mweusi, alipomwambia kuwa bintiye alitobolewa masikio pale pale.

Huyo bibi hana gari. Wakati wa moli, anasema, alikuwa anapanda basi siku za baridi akatembee tu ndani kwenye joto, asinunue kitu, akutane na wenzake. Sasa vitu vinamfuata mlangoni ndani ya boksi. Anayeleta anaweka chini, anapiga picha, anaondoka. Wiki nyingine inapita bibi hajaongea na mtu ila huyu Mkongo wetu, naye mchana kutwa kalala kwa sababu ya zamu.

Rafiki yangu anasema kambini soko ndiko ulikojua nani kazaa, nani kafiwa, nani kapata safari. Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo neno hilo limenikaa.

Jumamosi tunakwenda North Hill. Huko wakimbizi wa Bhutan wanaozungumza Kinepali wameshika vyumba vya maduka vilivyokuwa vitupu, wanauza mchele wa magunia, dengu, pilipili, nguo za sherehe. Jumamosi iliyopita bibi naye tulimchukua. Alishika bamia, akauliza zinapikwaje huko walikotoka. Mama mwenye duka akaanza kueleza kwa mikono, kisha akamwita mwanawe atafsiri, foleni ikasimama. Rafiki yangu akajaribu kupunguziwa bei ya mchele. Akakataliwa, kama wiki iliyopita, na kama wiki iliyotangulia.