Mchanga Unaotunza Maji Ukambani

Ukipata siku mbili tatu za kutoka Nairobi, msomaji, si lazima kila mara ukimbilie Mombasa. Nenda pale kituoni ambapo wasafiri wamepabandika jina la Machakos Airport, ingawa hakuna ndege itakayotua hapo, upande gari la Kitui. Beba chupa ya maji.

Barabara kuu ya Mombasa utaiacha Kyumvi, upite mji wa Machakos na soko la Masii hadi Wamunyu kwa wachongaji wa vinyago. Hapo wasafiri wengi huwa wameanza kusinzia. Wewe usisinzie, kwa sababu mbele kidogo gari litavuka mto Athi, na ningependa uutazame vizuri. Ni mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Je, unajua yale ni maji ya nani? Sehemu yake ni yako. Mto Nairobi, ule upitao Gikomba na kando ya jaa la taka la Dandora, humwaga maji yake katika Athi. Kila kilichotupwa mtoni huko jijini, pamoja na maji taka ya mitaa isiyo na mabomba, hupita chini ya daraja hili. Mbali huko mbele mto hubadilisha jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi.

Ng'ambo ya daraja umeshaingia Kitui. Karibu na Kwa Vonza kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na si ajabu kwamba chuo kilichojengwa katika nchi kavu kama hii hufundisha sayansi ya maji. Ukibahatika utawaona vijana wamevaa magambuti katika mto usio na maji. Nami nilishangaa mara ya kwanza nilipofuatana na kundi la wanafunzi hadi kwenye mto wa aina hiyo. Kilichokuwepo kilikuwa mchanga mtupu, mweupe, unaounguza nyayo. Nikajiuliza watu hawa wanapima nini.

Maji yamo chini. Hii ndiyo siri ya Ukambani, na wenyeji waliijua kabla ya mhandisi yeyote kufika. Mvua zikinyesha, hasa zile za Novemba ambazo wakulima wa huku huzitegemea kuliko za Machi, mto hufurika kwa saa chache kisha hukauka. Maji yaliyonyweshwa mchanga hubaki. Mtu akijenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto, ukasimama juu ya mwamba, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta huo, na mchanga huo hushika maji kama sifongo. Robo ya ujazo wake, wakati mwingine hata asilimia 40, huwa ni maji. Jua haliwezi kuyafikia yakishashuka kiasi cha sentimita 60 hivi. Mbu hapati pa kutagia. Konokono wa kichocho hana pa kuishi.

Malambo haya ya mchanga yana historia ndefu. Katika miaka ya 1950 mhandisi mmoja wa serikali ya kikoloni, Classen, alijenga kadhaa katika nchi ya Wakamba. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wakaanzisha kikundi cha Utooni, upande wa Kola, njia ya kwenda Wote. Kitui nako, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia. Mawe hubebwa na wanakijiji wenyewe kwa mwethya, ule ushirika wa kazi ambao Mkamba hahitaji kuelezwa. Ukiona akina mama wamepanga mstari wakipokezana mawe, jua lambo linazaliwa.

Sasa rudi kwa wanafunzi wetu. Walikuwa na chupa tatu zilizochemshwa. Ya kwanza waliijaza katika shimo la wazi lililochimbwa kwa mikono mchangani, ambapo punda pia walikuwa wakinywa. Ya pili wakaijaza katika shimo lililozungushiwa miiba. Ya tatu ilitoka kwenye kisima cha ukingoni kilichofunikwa kwa saruji, chenye pampu ya mkono. Ukizitazama mbili za mwisho zote zilikuwa safi kama machozi, na hilo ndilo linalodanganya watu. Bakteria wa kinyesi haonekani kwa macho. Hupitisha mililita 100 za maji katika chujio jembamba, huliweka chujio hilo katika kisanduku chenye joto la nyuzi 44, na kesho yake huhesabu madoa ya njano. Shirika la Afya Duniani hutaka maji ya kunywa yasiwe na hata bakteria mmoja wa aina ya E. koli katika kiasi hicho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu malambo ya kusini mashariki mwa Kenya ulipata kwamba maji ya mashimo ya wazi huwa na uchafu na bakteria zaidi kuliko ya visima vilivyofunikwa, ingawa hata hivyo visima havikuwa salama vyote. Mchanga huchuja kazi yake vizuri. Kisha anakuja punda, anakuja mtoto anayeingia shimoni na miguu yake, inakuja kata iliyowekwa chini kwenye mavi ya mbuzi na kurudishwa majini. Nyanya mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, ambaye vijana walimwita Susu kwa heshima, hakungoja kisanduku. Aliyachota maji yote yaliyolala shimoni, akayamwaga mbali, akakaa kando akisubiri mapya yachuruzike kutoka mchangani. Ndipo akajaza mtungi wake. Mwanafunzi mmoja akaandika jambo hilo daftarini.

Kutoka Kitui teremka kusini kwa lami ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Utavuka Athi mara ya pili na kuingia Makueni. Juu zaidi ya hapo, Athi unapokutana na mto Thwake, ndipo lilipoanza kujengwa mwaka 2018 lambo kubwa la Thwake, lililokusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Kumbuka yale maji uliyoyaona kule darajani, kisha ujiulize yatahitaji kusafishwa kiasi gani kabla ya mtoto kuyanywa.

Kibwezi ni burudani baada ya vumbi lile. Mvua ya milima ya Chyulu huzama katika mawe meusi ya volkeno na kuibuka chemchemi kama ile ya Umani, ndani ya msitu. Huku mwanafunzi hahitaji kisanduku ili aanze kazi. Hugeuza jiwe na kutazama nani anaishi chini yake. Kuna mabuu ya wadudu yasiyovumilia maji yaliyokosa oksijeni, na kuna minyoo myekundu inayoishi hata kwenye uvundo. Kipimo cha dawa hueleza maji ya saa ile. Wadudu hawa hueleza ya miezi iliyopita, kwa kuwa wao hawakuhama.

Lakini katika mito mingine ya Makueni hakuna jiwe la kugeuza wala mchanga wa kuchimba. Utakuta mwamba mtupu, kingo zimebomoka, na visima vya jirani vimekauka. Mchanga ulichotwa ukapelekwa kujenga mijini. Watu wamepigana kwa ajili yake. Kaunti ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, ikaunda mamlaka ya kuusimamia, na kubana biashara ya kuusafirisha nje.

Rudi Nairobi kwa barabara kuu ya Mombasa, jioni. Kwenye mpando wa kukaribia Kyumvi gari letu lilikwama nyuma ya lori la mchanga, sijui limetoka mto gani. Ulikuwa bado mbichi. Maji yalikuwa yakidondoka nyuma, matone mazito, yakichora mstari mweusi katikati ya lami kwa kilomita nyingi.