Nilipeleka lenzi Iringa, nikarudi na ahadi ya babu

Kama umewahi kupita Mwanjelwa, jijini Mbeya, asubuhi ya mwezi Juni, unaijua baridi yake. Wauza mitumba huvaa makoti yale yale wanayouza. Nilikwenda kutafuta sweta, nikaondoka na lenzi ya kamera.

Ilikuwa kwenye turubai, katikati ya chaja, redio mbovu na pasi za umeme. Nyeusi, nzito kuliko simu yangu, imeandikwa Helios 44-2. Muuzaji alidhani ni kipande cha darubini. Tukapatana Sh15,000.

Nilijua pa kuipeleka. Babu yangu mzaa mama anaishi Iringa na ana kamera aina ya Praktica, aliyoinunua miaka ya 1970 kwa mwalimu aliyerudi kutoka masomoni Ujerumani Mashariki. Kamera hiyo imepiga harusi, ubatizo na picha za vitambulisho, ikasomesha watoto watano. Siku aliyoacha kazi aliitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akaifungia kabatini. Mwaka jana tulipoitoa, ndani ya lenzi kulikuwa na utando mweupe kama wa buibui.

Utando ule ni kuvu, sawa na anayeota kwenye mkate. Hupenda giza na unyevu, na mfuko wa ngozi hutunza vyote viwili. Akiwahiwa husafishwa. Akikaa miaka mingi, hula uso wa kioo na alama haitoki tena. Mwenye kamera ya zamani aiache ipate hewa na mwanga, hasa huku kwetu nyanda za juu.

Uzuri wa kamera za aina hii ni kwamba lenzi yake haikuolewa na kamera moja. Hufungwa kwa skurubu, unaizungusha kama mfuniko wa chupa. Kipimo cha mdomo wake ni milimita 42, na kilianza kutumika Dresden, Ujerumani, mwaka 1949. Baadaye Warusi waliotengeneza Zenit wakakifuata, na Wajapani waliotengeneza Pentax pia. Ndiyo maana lenzi ya Kirusi iliyookotwa Mwanjelwa inaweza kukaa kwenye kamera ya Kijerumani iliyoko Iringa.

Niliondoka Mbeya alfajiri. Baada ya Uyole barabara inateremka kuelekea Igurusi na Chimala, bonde la Usangu likiwa kushoto na milima kulia. Makambako tukakutana na reli ya Tazara, ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Babu ana picha zake nyingi za kituo kile, abiria wamekaa juu ya magunia. Tukapita Mafinga na misonobari ya Sao Hill, kisha Ipogolo, halafu basi likaanza kupanda mlima kuingia mjini.

“Kamwene, babu,” nilisema mlangoni.

“Kamwene, mjukuu wangu.” Alinitambua kwa sauti. Uso wake ulikuwa umeelekea pembeni kidogo ya pale niliposimama.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Mboni za macho yake zilikuwa na weupe, kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Nimeandika habari za mtoto wa jicho mara nyingi gazetini, lakini kwa babu yangu mwenyewe sikuwa nimeona. Mganga hajigangi.

Tulikaa uani. Akaipapasa Praktica, akafungua lenzi ya zamani, akafunga ile mpya bila kukosea hata mara moja. Kisha akaiweka jichoni.

“Hata hii ina ukungu,” akasema.

Nikaichukua. Kwenye kidirisha niliona jiwe la Gangilonga hadi nyufa zake.

“Babu, hii ni safi.”

Alikaa kimya muda mrefu. Kwa miaka yote alituambia ameacha kupiga picha kwa sababu lenzi imeharibika.

“Basi ukungu uko kwangu,” akasema.

Nilimweleza kwa lugha ya kazi yake. Ndani ya jicho mna lenzi, nayo kwa umri huweza kufifia. Hakuna dawa ya matone wala ya majani inayoisafisha. Daktari huitoa na kuweka nyingine ya bandia. Mara nyingi upasuaji hauchukui hata saa moja, na mgonjwa huwa macho, amechomwa ganzi tu.

“Jirani yangu alipelekwa hospitali ya macho, na sasa haoni kabisa.”

Niliuliza. Yule jirani alikuwa na presha ya macho, ugonjwa mwingine unaoua mshipa wa fahamu wa jicho. Ukishapotea uoni kwa ugonjwa huo, haurudi. Kinachowezekana ni kuzuia uliobaki usipotee, na ndiyo maana kuwahi kupima ni muhimu. Babu alisikiliza bila kujibu.

Jioni tuliweka filamu ya picha 36. Yeye alitaja vipimo kwa kichwa: jua likiwa kali, tundu la lenzi liwe 16, kasi ifuate namba ya filamu. Filamu ilikuwa ya 100, tukaweka kasi ya 125. Nikampiga picha bibi, kuku, mlango wa studio ya zamani. Picha ya mwisho nilimpiga yeye.

Nikamuuliza nani atatusafishia picha.

“Kuviringisha filamu kwenye kopo ni kazi ya gizani, hata kipofu anaifanya,” alisema. “Lakini kujua kama picha imeiva, hapo lazima uone.”

Asubuhi, kabla sijakwenda stendi, alikuwa amevaa koti, kadi ya bima mfukoni. Tulikwenda kliniki pamoja. Alipimwa, akaambiwa ni mtoto wa jicho macho yote mawili, wataanza na la kulia. Akapewa tarehe, baada ya mavuno ya mahindi kama alivyoomba.

Filamu nimemwachia. Iko kabatini, nje ya mfuko wa ngozi, na ameagiza mtu yeyote asiiguse. Anasema ataisafisha mwenyewe.